Je, Wajua? Mbaazi za Makueni na Usugu wa Funza

Je, wajua kwamba mahindi ya kwanza ya Bt, yaani yenye jeni ya sumu inayoua funza, kupandwa shambani nchini Kenya yalipandwa Makueni? Ukitoka Sultan Hamud kwa barabara ya Mombasa, ukapita Emali na Simba, utafika Kiboko chini ya saa moja kwa gari. Hapo pana kituo cha utafiti wa kilimo, zamani cha KARI na sasa cha KALRO. Mwezi wa Mei 2005 watafiti wa KARI na wenzao wa CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, walipanda hapo mahindi ya Bt ndani ya uzio. Mradi wao uliitwa IRMA. Ulianza 1999 na ulimlenga bungua, yule funza anayetoboa bua la mhindi, akalila kwa ndani, mpaka moyo wa mche unakauka na kung'oka kwa kuvutwa kwa vidole viwili. Kiboko ilifaa kwa sababu mbili: bungua hulipenda joto lake, na maji ya chemchemi za hapo yanaruhusu kupanda hata mvua isiponyesha.

Mji wenyewe wa Sultan Hamud ulipata jina kwa mgeni. Ni Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala 1896 hadi 1902, na aliyefika hapo wakati reli ya kwenda Uganda ilipokuwa ikijengwa. Reli ilipita, mji ukabaki, na mashamba yanayouzunguka yakawa ya mahindi, kunde, ndengu, mtama na mbaazi. Mbaazi hizo mzikumbuke. Tutazihitaji mbele.

Je, wajua kwamba bungua si mmoja? Wapo wengi, na wawili ndio wakubwa kwetu. Wa kwanza, Chilo partellus, ni mhamiaji kutoka Asia. Alionekana Malawi karibu na 1930, akasambaa hadi pwani ya Kenya na nyanda za joto kama Makueni. Wa pili, Busseola fusca, ni mwenyeji wa Afrika na hupenda zaidi nyanda za juu zenye baridi. Mahindi ya Bt yaliyojaribiwa na IRMA yalimuua Chilo vizuri. Busseola hayakummaliza. Baadhi ya funza wake walikula majani yale yale yenye sumu na wakaendelea kuishi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote yaliyotoka katika mradi ule, kwa sababu mdudu anayeonja sumu na kunusurika ndiye anayezaa tatizo la kesho.

Je, wajua Bt ni nini hasa? Ni bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis. Mwaka 1901 Mjapani Shigetane Ishiwata alimkuta akiwaua viwavi wa hariri. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner alimpata katika nondo wa unga, akampa jina la jimbo la Thuringia. Kufikia 1938 Wafaransa walikuwa wakimuuza kama dawa ya kunyunyizia, na mpaka leo wakulima wasiotumia kemikali za viwandani humtumia. Bakteria huyu hutengeneza fuwele za protini. Kiwavi akizimeza, huyeyuka ndani ya utumbo wake ambao hauna asidi bali una hali ya magadi. Vimeng'enya vyake mwenyewe huikata protini ile ikawa kali, nayo hunasa kwenye vipokezi vilivyo ukutani mwa utumbo na kuutoboa matundu. Kiwavi huacha kula, na baada ya siku chache hufa. Tumbo la binadamu lina asidi, na utumbo wetu hauna vipokezi vile, ndiyo maana sumu hiyo hainasi kwetu. Walichofanya wataalamu ni kuichukua jeni inayotengeneza protini ile na kuiingiza katika pamba na mahindi, mmea ukawa unajitengenezea dawa usiku na mchana. Mimea hiyo iliingia sokoni 1996.

Je, wajua kwamba mdudu hajifunzi kuivumilia sumu hiyo? Watu husema "wadudu wamezoea dawa", na tunaelewana, lakini hakuna funza hata mmoja aliyezoea. Aliyekuwa dhaifu alikufa siku ileile. Aliyebaki alizaliwa akiwa tofauti, pengine kwa kosa dogo katika jeni zake ambalo lilikuwepo hata kabla mbegu mpya haijafika. Katika shamba la kawaida tofauti hiyo haimsaidii kitu, hivyo wadudu wa aina yake hubaki wachache mno. Siku shamba zima linapogeuka kuwa sumu, wenzake wote wanaondoka na yeye anaachiwa chakula chote, na mchumba anayempata usiku ni mwingine aliyenusurika kama yeye. Nondo jike mmoja hutaga mayai kwa mamia, na kizazi huchukua wiki chache tu. Hesabu hiyo haihitaji akili yoyote kwa upande wa mdudu.

Tofauti yenyewe huweza kuwa ndogo kupita kiasi. Mara nyingi ni kipokezi cha utumboni kilichobadilika umbo. Mfano wake ni mwenye nyumba aliyebadilisha kitasa: ufunguo ni uleule, lakini mlango hauukubali tena. Kaskazini mwa China watafiti walimchunguza funza wa vitumba vya pamba, Helicoverpa armigera, ambaye ndiye huyuhuyu anayekula pamba na mbaazi zetu. Waligundua kwamba herufi moja tu ya jeni moja ikibadilika, funza anakuwa sugu. Mwaka 2006 badiliko hilo lilikuwa katika nakala moja kwa kila elfu ya jeni hiyo. Mwaka 2016 lilikuwa moja kwa kila kumi.

Je, wajua kwamba usugu wa kwanza wa bungua dhidi ya mahindi ya Bt ulitokea hapahapa Afrika? Afrika Kusini ilianza kupanda mahindi hayo 1998, na ilipofika msimu wa 2006 wakulima wa mashamba ya kumwagilia waliona mabua yametobolewa kana kwamba wamepanda mbegu ya kawaida. Taarifa ya kisayansi ilitolewa 2007. Mhusika alikuwa Busseola fusca, yuleyule ambaye Kenya haikumweza katika majaribio.

Sababu zake zinafaa kuelezwa taratibu, kwa kuwa zinatuhusu. Sheria ilimtaka kila mkulima aache sehemu ya shamba ikiwa na mahindi ya kawaida, yaani kimbilio, ili wadudu dhaifu wazaliane humo. Nondo wanaotoka kwenye kimbilio ni wengi, na wale wachache sugu wanaotoka kwenye Bt hujikuta wameoana nao. Ikiwa usugu ni wa kujificha, yaani mtoto ni lazima aurithi kwa baba na kwa mama ndipo aokoke, basi watoto wa ndoa hiyo ya mchanganyiko hufa wakila Bt. Mpango ni mzuri. Lakini katika miaka ya mwanzo wakulima wengi hawakupanda kimbilio. Halafu mashamba ya Bt yaliyomwagiliwa yalikuwa na unyevu ambao nondo wa bungua huupenda, wakavutwa kutaga humo kuliko kwingine. Na mwaka 2013 likajulikana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: usugu wa Busseola haujifichi. Mzazi mmoja anatosha. Mtoto wa nondo sugu na nondo dhaifu anaokoka vilevile, na kimbilio, ambacho kilikuwa tegemeo lote, kinapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Afrika Kusini ililazimika kugeukia mahindi yenye sumu mbili tofauti.

Hesabu ya sumu mbili ni rahisi kuielewa. Tuseme funza mmoja katika kila elfu anaivumilia sumu ya kwanza, na mmoja katika kila elfu anaivumilia ya pili. Atakayezivumilia zote mbili ni mmoja katika milioni. Hesabu hiyo inasimama ikiwa sumu zote mbili bado ni kali, na ikiwa kuivumilia moja hakumpi mdudu uwezo wa kuivumilia nyingine. Ukipanda mbegu ya sumu mbili mahali ambapo ya kwanza imekwisha kushindwa, umepanda ya sumu moja kwa bei ya mbili.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa India. Pamba ya Bt yenye sumu moja ilianza kulimwa huko 2002. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba funza wa rangi ya waridi, Pectinophora gossypiella, alikuwa sugu katika wilaya kadhaa za jimbo la Gujarat. Wakati huo pamba ya sumu mbili ilikuwa tayari imeenea. Kufikia katikati ya mwongo huo funza huyo alikuwa akiila nayo pia. Kila pakiti ya mbegu iliuzwa na kipakiti kidogo cha mbegu ya kawaida cha kupanda pembeni kama kimbilio. Wakulima wengi walikitupa. Siwalaumu. Mwenye ekari mbili, na deni la mbegu juu yake, unamwambia apande mistari ya kuwalisha funza kwa makusudi, ili faida ije kwa kila mtu miaka kumi baadaye. Kosa ni la aliyeutunga mpango bila kuwaza maisha ya mkulima mdogo.

Je, wajua India inatuhusuje? Desemba 2019 baraza la mawaziri la Kenya liliidhinisha kilimo cha pamba ya Bt, na 2020 mbegu zikaanza kugawiwa katika kaunti zinazolima pamba, Makueni na Kitui zikiwemo katika ukanda huo wa pamba tangu zamani. Mbegu hizo ni chotara kutoka India, na zina sumu zilezile mbili. Hapa kwetu adui mkuu aliyelengwa ni funza wa vitumba, siyo wa waridi, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini wote wawili wapo Afrika Mashariki. Kwa mahindi ya Bt hali ni tofauti: marufuku ya vyakula vya aina hiyo iliyowekwa 2012 iliondolewa Oktoba 2022, kesi zikafuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kusitisha kwa muda uamuzi huo wa kuiondoa.

Sasa tuzirudie mbaazi.

Je, wajua kwamba Australia, nchi yenye mashamba ya pamba yasiyoonekana mwisho, hupanda mbaazi kwa ajili ya funza? Wenye pamba ya Bt huko hutakiwa kisheria kuwa na kimbilio, na wanaruhusiwa kuchagua: pamba ya kawaida isiyonyunyiziwa dawa, au mbaazi. Kwa kuwa funza wa vitumba anazipenda mbaazi mno, ekari tano za mbaazi huhesabiwa sawa na ekari kumi za pamba hiyo ya kawaida. Yaani mbaazi huzalisha nondo maradufu. Waaustralia hawazili wala hawazivuni. Wanazilima ziliwe na wadudu basi.

Mkulima wa Makueni anazo mbaazi hizo bila kuambiwa na mtu. Wakamba huziita nzuu, huzipanda na mahindi mvua ya vuli inapoanza, na kuzila zikiwa mbichi au kavu. Kila anayezilima anamjua funza anayetoboa maganda yake, na funza huyo ndiye huyohuyo wa vitumba vya pamba. Kwa hiyo kilimo cha mchanganyiko cha Ukambani, ambacho kwa miaka mingi wataalamu walikitazama kama kilimo cha watu wasioendelea, kina ndani yake kile ambacho Australia inakilazimisha kwa sheria na India ilishindwa kukifuatilia. Nondo dhaifu wanazaliwa kwenye mbaazi, wanaruka usiku, wanakutana na wachache sugu wa kwenye pamba. Nyanya nazo huwazalisha, na mahindi yakiwa na mabunzi, kwa kuwa funza huyu hachagui sana chakula.

Kuna masharti, na ningependa maafisa wa ugani wayaseme wazi. Nondo wa mbaazi wanafaa tu ikiwa wanatoka majira yaleyale nondo wa pamba wanapotoka. Mbaazi za kienyeji huchelewa kutoa maua, zile za muda wa kati zilizotoka kituo cha utafiti cha Katumani huwahi, na pamba ina ratiba yake. Mchanganyiko wa aina zote mbili za mbaazi katika kijiji kimoja unaziba mapengo. Pia mbaazi zikipigwa dawa kila wiki, kimbilio limekufa. Hapo ndipo penye uchungu, maana mbaazi ni chakula na ni fedha, na hakuna anayeweza kumwambia mama wa Kasikeu hapa Makueni aziache zote ziliwe. Anachoweza kuambiwa ni kwamba mistari ya mbaazi iliyo karibu kabisa na pamba ya Bt, akiiacha bila dawa, inamtunzia mbegu yake ya pamba.

Je, wajua kwamba mbaazi hazisaidii chochote kwa funza wa rangi ya waridi? Yeye hula pamba na jamaa zake wachache tu, kama bamia. Hali mbaazi wala mahindi. Kwake kimbilio ni pamba ya kawaida peke yake. Arizona, Marekani, walimweza kwa sababu wakulima walikubali kupanda pamba hiyo ya kimbilio tangu mwanzo, na kuanzia 2006 ndege zikamwaga nondo waliohasiwa kwa mionzi kwa mamilioni ili nondo sugu wasipate wenza wenye kizazi. Oktoba 2018 Marekani ilitangaza kwamba funza huyo ametokomezwa katika mashamba yake ya pamba. Kwa Ukambani ndege hizo hazipo, lakini ipo njia ya zamani: kung'oa mabua yote ya pamba baada ya mavuno na kuyachoma au kuyazika. Funza wa waridi hupitisha kiangazi amelala ndani ya vitumba vilivyosahaulika na ndani ya mbegu, na mara nyingine huunganisha mbegu mbili kwa uzi wake akalala katikati. Tanzania imekuwa ikiwataka wakulima wake wa pamba kuondoa masalia na maotea kila mwaka kwa sababu hii.

Kwa bungua hali ina ugumu wake. Mahindi huchavushwa kwa upepo. Siku mkulima mmoja akipanda Bt na jirani akipanda mbegu ya mahindi ya Katumani anayoihifadhi mwenyewe kwenye gunia, chavua itavuka mpaka, na punje za jirani zitakuwa mchanganyiko: zenye sumu na zisizo nayo kwenye bunzi moja. Akizipanda msimu unaofuata, funza wadogo wa bungua, ambao huning'inia kwa uzi na kupeperushwa mpaka mche wa pili, wataonja hapa kidogo na pale kidogo. Dozi ndogo namna hiyo ndiyo shule bora ya usugu, kama nilivyosema kuhusu Busseola wa majaribio. Bado mtama na baadhi ya majani ya malisho huweza kuwa kimbilio la bungua, na utafiti wa Kenya umelithibitisha hilo. Matete, yaani nepia, yanadanganya: nondo hutaga hapo kwa wingi, lakini watoto wengi hufa, hivyo hayarudishi nondo shambani. Hiyo ndiyo sababu matete ni mtego mzuri katika kilimo cha vuta-sukuma (mmea mmoja huvuta nondo, mwingine huwafukuza) cha icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na ni kimbilio baya la Bt.

Je, wajua kwamba mdudu anaweza kushinda hata bila kuivumilia sumu? Huko Illinois, Marekani, wakulima walimshinda mbawakawa wa mizizi ya mahindi kwa kubadilisha mazao tu: mwaka huu mahindi, mwakani soya. Mabuu yaliyoanguliwa kwenye soya yalikufa njaa. Baada ya miaka, wakazuka majike wanaotaga kwenye soya, kwa kuwa mwaka utakaofuata hapo patakuwa mahindi. Na mpunga wa IR26, uliotolewa Ufilipino 1973 baada ya kuzalishwa kwa njia ya kawaida kabisa bila jeni ya kigeni, ulishindwa na panzi wa kahawia ndani ya miaka michache tu. Anayedhani usugu ni ugonjwa wa teknolojia ya jeni peke yake hajautazama mpunga.

Kufikia 2020 watafiti walikuwa wamehesabu matukio 26 ya usugu uliopunguza kazi ya mimea ya Bt, katika aina 11 za wadudu na nchi saba. Mwaka 2005 yalikuwa matatu.

Je, wajua Kiboko inafanya nini siku hizi? Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya 2017 kutoka Amerika kupitia Afrika Magharibi, CIMMYT ilijenga hapo vibanda vya wavu, ikafuga viwavi kwa wingi na kuwamwaga juu ya maelfu ya aina za mahindi ili kuona ipi itastahimili. Desemba 2020 ilitangaza chotara tatu zenye ustahimilivu wa asili, bila Bt. Hakuna jeni moja kubwa hapo. Ni nyingi ndogondogo, kila moja ikimsumbua kiwavi kidogo, na mdudu hupata shida zaidi kuzivuka zote kwa mpigo. Nyigu mdogo Cotesia flavipes, aliyeletwa na icipe kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya 1993, bado anamtafuta Chilo ndani ya mabua na kumtagia mayai mwilini. Nyigu naye hubadilika kadiri funza anavyobadilika, jambo ambalo sumu haiwezi.

Ukilima pamba ya Bt, pasua vitumba kadhaa vya kijani kila wiki kuanzia vinapofikia ukubwa wa kidole gumba. Funza wa waridi huingia akiwa mdogo mno na tundu hujifunga nyuma yake, kwa hiyo kitumba kizima kwa nje hakikuambii lolote. Funza mdogo aliyekufa ndani ni ishara njema. Ukimkuta mkubwa, hai, amenona, usimponde. Mfunge pamoja na kitumba chake na umpeleke kwa afisa wa ugani siku hiyohiyo, pamoja na jina la mbegu na tarehe uliyopanda.